Mke wa Mchoraji Hakuwa na Hasira

Vred ni neno la Kidenishi, maana yake mwenye hasira. Ni neno fupi, halimchoshi mtu kulitamka, nami ndiye niliyelitumbukiza kwenye faili la mama wa watu bila yeye mwenyewe kulisema.

Mimi ni mkalimani. Nilizaliwa Tanga, ndoa ikanileta Copenhagen, na hapa ninafasiri Kiswahili na Kidenishi maofisini, hospitalini, shuleni, popote wanaponiita. Wengi ninaowafasiria ni watu wa mashariki ya Kongo. Kiswahili chao na changu ni ndugu wa baba mmoja, mama mbalimbali. Tunaelewana, ila mwanzoni walikuwa wakicheka kila nikisema "tafadhali", kana kwamba nimewasomea taarifa ya habari. Kanuni za kazi yenyewe ni chache. Akisema "mimi", nami niseme "mimi". Nisiongeze, nisipunguze. Akitukana nitukane, akinyamaza ninyamaze. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonishinda.

Siku ninayoisimulia (nimebadilisha vitu vidogo vidogo ili mama huyo asijulikane) tulikuwa kwenye chumba chembamba chenye ukuta wa kioo upande wa mapokezi. Alikuwa akieleza kifo cha mwanawe. Alieleza kama mtu anayesoma risiti ya duka: siku gani, mto gani, nani alikuwepo, nani aliwahi kukimbia. Sauti haikupanda wala haikushuka. Alipofika mwisho akafunga mdomo, akainua kidevu kidogo, akatazama mbele. Afisa alikuwa kijana mpole, hajui aendelee vipi. Akaniinamia mimi, akauliza kwa sauti ya chini: "Ana hasira?"

Swali lile lilikuwa la mama, si langu. Nilipaswa kulipokea na kumpa mwenyewe kama nilivyopewa. Badala yake nikamtazama usoni. Nikaona nyusi zilizokaza, midomo iliyobanwa, shingo iliyosimama. Nikajibu ndiyo. Vred. Kalamu ikapita juu ya karatasi, tukaendelea.

Wiki ileile, kati ya kikao kimoja na kingine, mvua ilinikimbiza hadi Statens Museum for Kunst, jumba la taifa la sanaa lililo kando ya bustani mtaa wa Sølvgade. Sikuingia kwa ajili ya sanaa. Niliingia kutafuta joto na choo. Nikazunguka vyumbani nikikausha koti, mpaka nikafika mbele ya uso wa mwanamke ulionisimamisha kama askari wa barabarani.

Picha ni ndogo: sentimita 40 na nusu kwenda juu, 32 na nusu kwenda pembeni. Kuna kalenda za dukani zilizo kubwa kuliko hiyo. Henri Matisse aliichora mwaka 1905, na aliyekaa mbele yake ni mkewe, Amélie. Nywele zimefungwa juu ya utosi, nyeusi inayoelekea buluu. Upande mmoja wa uso ni wa manjano, upande wa pili ni wa waridi. Nyuma yake hakuna chumba, hakuna kiti wala dirisha. Kuna mapande ya rangi tu, kijani upande wa kulia, zambarau na rangi ya chungwa upande wa kushoto. Na katikati ya uso, kuanzia kwenye paji na kupita juu ya pua, umeteremka mstari mnene wa kijani. Picha imeshika jina la mstari huo.

Nikajisemea: huyu naye ana hasira. Tena huyu anaumwa kabisa, maana nani mzima akawa na uso wa kijani? Nikamtungia kisa chote palepale: mume karudi usiku wa manane, chakula kimepoa, na sasa anaambiwa akae kitako achorwe. Nikatoka nimeridhika, kama mtu aliyemaliza kusoma barua.

Sijilaumu sana kwa hilo la kwanza. Sote tumelelewa kusoma nyuso. Lugha yetu imejaa nyuso: kukunja uso, kununa, uso kusawijika, kuwa mkavu wa macho, uso wa bashasha. Uso umeumbwa na haya, wanasema wazee. Mtoto wa Kiswahili hajajua hata herufi, lakini mgeni akiingia nyumbani anatazama kwanza uso wa mama, ndipo ajue akae au atoke nje akacheze. Ni elimu nzuri, imetuepusha na vipigo vingi. Ubaya wake ni kwamba inamfanya mtu aamini kila uso unaomtazama unasema naye.

Kikao cha pili na yule mama kilikuja baada ya miezi miwili hivi. Afisa alikuwa mwingine, mwanamke wa makamo, na kabla ya kuanza akasoma muhtasari wa kikao kilichopita ili mama aseme kama kuna kosa. Nikafasiri sentensi baada ya sentensi. Nikaliona neno langu linakuja kwa mbali, kama unavyoliona gari la mtu anayekudai. Ikabidi nilitamke: mama alionekana ana hasira.

Hakumtazama afisa. Alinitazama mimi. "Papa, nani alisema mimi niko na kasirani?"

Katika Kiswahili cha kwao kasirani ni hasira tu. Kwetu pwani neno hilo lina harufu mbaya zaidi, ni la mtu wa gubu, kwa hiyo lilinichoma mara mbili. Nikamfasiria afisa swali lilivyo. Kisha nikaomba ruhusa niseme kwa nafsi yangu, jambo ambalo mkalimani hulifanya kwa nadra, nikakiri kwamba jibu lile lilitoka kwangu na si kwake.

Mama hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Alieleza tu, kwa sauti ileile ya risiti, kwamba siku ile mdogo wake alikuwa amekaa mapokezi, upande wa pili wa kioo. "Alikuwa ananiona. Ningelia, naye angelia. Na alikuwa na mimba."

Basi. Nyusi, midomo, shingo, vyote vile nilivyovisoma havikuwa vikisema na sisi hata kidogo. Mle chumbani tulikuwa wapita njia tu. Afisa akapiga mstari juu ya neno, akaandika mengine, nami nikarudi nyumbani kwa miguu ingawa tiketi ya basi nilikuwa nayo.

Jumapili iliyofuata nikaenda tena Sølvgade, safari hii kwa makusudi. Nilitaka kumtazama yule mwanamke wa kijani nikiwa nimefunga mdomo. Nilishindwa, bila shaka. Dakika mbili tu na tayari nilikuwa nimeshamwita mkaidi. Nikashuka dukani, nikanunua postikadi yake, na kwenye benchi nikafanya jambo ambalo ukilifanya ukutani mlinzi atakutoa: nikauziba ule mstari kwa ukingo wa tiketi.

Uso ukaanguka. Nusu ya manjano ikaenda zake, nusu ya waridi ikaenda zake, pua ikalala bapa kama chapati. Nikaondoa tiketi, pua ikasimama. Nikarudia mara nne, tano, kama mtoto aliyegundua swichi ya taa.

Mchoraji wa zamani angeiinua pua ile kwa kivuli: kahawia hapa, weusi kidogo pale, taratibu mpaka upande mmoja uwe kwenye mwanga na wa pili gizani. Matisse hakutaka kivuli cha namna hiyo. Majira ya joto ya mwaka huohuo wa 1905 alikuwa Collioure, mji wa wavuvi kusini mwa Ufaransa karibu na mpaka wa Hispania, pamoja na mwenzake André Derain, wakijaribu kuujenga mwanga kwa rangi peke yake. Mstari wa kijani umekaa pale mwanga na kivuli vinapokutana. Ni rangi ya baridi iliyopita kati ya rangi mbili za joto, ikazishika zisiachane. Ni boriti. Haikueleza hali ya moyo wa Amélie zaidi ya boriti inavyoeleza hali ya moyo wa mwenye nyumba.

Pale kwenye benchi nikamkumbuka shangazi yangu, dada yake baba, aliyekuwa akisaga liwa kwenye msio uani kwake, Tanga. Akishajipaka alikuwa anakaa kwenye kigoda, uso wa manjano, haongei, hacheki, hata ukimwonyesha paka aliyevaa kofia. Sisi watoto tuliamini saa zile shangazi kakasirika, na tulikuwa tukinong'onezana nani kamuudhi. Siku moja mdogo wangu akaenda kumwomba radhi, kosa lenyewe halijui. Shangazi akajibu kwa meno yaliyofungwa, midomo haitikisiki: "Ondoka, liwa itapasuka." Miaka arobaini nimekuwa nikisimulia kichekesho hicho kwenye harusi, na bado nilikwenda kazini nikaandikisha hasira ya mtu kwa kuwa uso wake haukutikisika.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye busara. Lakini nina tabia ya kuchimba. Nikaenda maktaba, nikasoma habari za Amélie, nikatumbukia shimo la pili, refu kuliko la kwanza.

Amélie Parayre aliolewa na Matisse mwaka 1898. Akamlea kama wake Marguerite, binti ambaye mume alikuwa amemzaa kabla ya ndoa. Huku kwetu angeitwa Mama Marguerite, kwa jina la mtoto ambaye hakumzaa, na hakuna ambaye angeuliza zaidi. Alifungua duka la kofia Paris, likasaidia kuilisha nyumba wakati picha haziuziki. Mwaka 1899 mume alipoitamani picha ndogo ya mchoraji Cézanne ya wanawake watatu wakioga, pete ya mke ya zumaridi ikapelekwa rehani. Walipokwenda kuikomboa, imeshauzwa. Kisha mwaka 1902 ikalipuka kashfa ya familia ya Humbert, watu waliokopa mamilioni kwa jina la urithi ambao haukuwepo. Wazazi wa Amélie walikuwa watumishi waaminifu wa nyumba ile, wasijue lolote. Baba yake akawekwa ndani kwa muda kabla ya kuachiwa, na jina la ukoo likaburutwa magazetini.

Niliposoma habari ya zumaridi nikaruka kitini. Zumaridi ni kijani! Nikajiona nimevumbua. Mstari ule ni pete iliyopotea, nyusi zile ni fedheha ya mzee Parayre, kidevu kile ni mwanamke aliyeapa kutoinamisha kichwa tena mbele ya watu. Nilimpigia simu rafiki yangu usiku nikamweleza kwa robo saa. Akanisikiliza, kisha akauliza, "Kwa hiyo umemjua kwa kumtazama au kwa kusoma faili lake?"

Sikulala vizuri. Maana yule afisa wangu wa kwanza naye alikuwa na faili, na ndani yake mna kijiji kilichochomwa na mtoto aliyekufa, na hayo yote yalikuwa kweli. Ndiyo yaliyomfanya aone hasira ipo mahali pake. Mambo ya kweli yanaweza kumsukuma mtu aseme uongo kwa moyo mweupe kabisa. Kosa langu la kwanza nililifanya kwa kutojua, hili la pili nililifanya kwa kujua mengi.

Matisse mwenyewe alilisema jambo hili mwaka 1908, katika maelezo aliyoandika kuhusu kazi yake. Kwake yeye, alisema, hisia za picha hazikai kwenye shauku inayowaka usoni mwa mtu wala kwenye ishara ya mikono. Zimo katika mpangilio wote: nafasi ya kila kitu, uwazi ulioachwa, uwiano. Nilipoyasoma hayo nilikasirika kidogo. Kama uso hausemi, kwa nini umchore mke wako? Lakini nikirudi mbele ya ile picha naelewa anachotaka. Kuna joto kwenye ile picha, kuna kitu kinachodunda, ila hakimo ndani ya macho ya Amélie. Kimo kati ya kijani cha nyuma na waridi la shavu, mahali ambapo hapana mtu.

Vuli hiyohiyo ya 1905 alionyesha Paris picha nyingine ya mkewe, amevaa kofia kubwa, rangi zimemwagika kila mahali. Watazamaji walicheka, na mwandishi mmoja wa magazeti, Louis Vauxcelles, akawaita wachoraji wa chumba kile hayawani wa mwituni. Wamarekani wa ukoo wa Stein wakainunua. Inasimuliwa kwamba Matisse aliulizwa siku ile mkewe alivaa gauni la rangi gani hasa, akajibu: jeusi, hapana shaka. Jibu hilo ndilo ninalolipenda kuliko maandishi yake yote.

Lakini kisa cha 1913 ndicho kinachonikaa rohoni. Mwaka huo alimkalisha tena mkewe, na inasemekana vikao vilipita mia moja. Matokeo yake ni picha iliyoko sasa kwenye jumba la makumbusho la Hermitage, St Petersburg: mwanamke kitini, amevaa kofia, uso wa kijivu kama kinyago, macho kama matundu meusi. Amélie alipoiona alilia. Miaka mingi baadaye mumewe bado aliitaja kama ile picha iliyomliza. Kwenye turubai hakuna chozi. Waliotazama waliweza kusema mwanamke huyu ni baridi, ni jiwe, hana moyo, na wakati huo mwenyewe yuko chumba cha pili anajifuta macho. Walitengana mwaka 1939. Mwaka 1944 Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, walimkamata kwa kuwapigia chapa nyaraka watu waliokuwa wakiwapinga Wanazi kwa siri, wakamfunga miezi sita. Ukitaka kulisoma hilo nalo kwenye nyusi za 1905, hakuna atakayekuzuia. Nyusi zitakubali chochote.

Nimekuwa nikifikiri jinsi Kiswahili kinavyozigawa hisia. Hasira humshika mtu au humpanda, kama pepo au mgeni asiye na hodi. Uchungu na njaa tunavisikia. Haya tunaiona. Lakini anayeiona haya ni mwenye nayo, si anayemtazama. Nikisema "ameona haya", nimekiri kwamba kuna kitu yeye amekiona na mimi sijakiona. Nimefanya kazi ya lugha miaka yote hii bila kuisikia sentensi hiyo inasema nini. Siku hizi afisa akiniinamia na kuniuliza mtu anajisikiaje, namgeukia mwenye uso na kumpa swali lake. Wengine hukasirika kwa kuulizwa. Wengine hucheka. Mzee mmoja alifikiri muda mrefu sana, kisha akasema anasikia baridi, tufunge dirisha.

Ile postikadi nimeifanya alama ya kurasa kwenye shajara yangu ya kazi, imeshakunjika pembe. Majira ya kuchipua mwaka uliofuata nilikutana tena na yule mama, tukawa tumekaa viti vya jirani tukingoja kuitwa. Mkalimani hatakiwi kuwa na mazungumzo mengi na mteja nje ya kikao, kwa hiyo nikajifanya napanga tarehe zangu. Postikadi ikaanguka sakafuni. Akaiokota yeye.

"Huyu ni nani?"

"Mke wa mchoraji. Wa zamani sana."

Akaigeuza ili aipate vizuri kwenye mwanga. Sikusema neno juu ya kijani. Nilikuwa na hamu ya kusikia atasema nini, nami naona haya kuandika kwamba nilimtazama usoni nikingoja.

"Walimkalisha siku nyingi?"

Nikamwambia kwa mume yule, kukaa kulikuwa kazi ya nyumba nzima.

"Ehe," akasema, akanirudishia. "Huyu amechoka kukaa."

Mlango ukafunguliwa, wakaita jina lake.